Barua za Selestini Kalumbete

Watu wa nchi moja walikuwa na adabu kiasi cha kuonewa huruma na majirani zao. Hawakusukumana kwenye foleni, hawakukatizana maneno, na mtu akiitwa aliitika. Mwanamke alisema abee, mwanamume alisema naam, na kazi iliyokuwa mkononi iliwekwa chini kwanza. Serikali ilipoona tabia nzuri namna hii inazagaa mitaani bila mwenyewe, ikaichukua na kuitungia sheria. Siku ya kuizindua, Mheshimiwa Mkuu wa Nchi alihutubia kwa saa nne na nusu.

"Nchi ni mzazi," alisema, "na mzazi haulizwi anakuitia nini. Ukiitwa, itika kwanza. Mengine utaelezwa njiani."

Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza njia hiyo inakwenda wapi, kwa sababu kuuliza hakukuwa kwenye ratiba ya sherehe.

Mwaka wa tatu wa sheria hiyo, barua ya kwanza ilifika nyumba namba kumi na nne, Mtaa wa Mibuni. Humo aliishi Zamda, fundi wa miavuli, pamoja na baba yake, Mzee Mbaruku. Bahasha ilikuwa ya kaki, yenye kidirisha cha nailoni, na kwenye kidirisha limeandikwa jina: Ndugu Selestini Kalumbete.

"Kaka, huyu mtu hayupo hapa," Zamda alimwambia tarishi.

"Dada, mimi napeleka barua. Watu wanapelekwa na idara nyingine." Tarishi akamshikisha bahasha, akapanda baiskeli yake.

Zamda aliiweka juu ya kabati siku mbili. Siku ya tatu akaifungua, akitumaini kupata ndani anwani ya kuirudishia. Alisoma hivi:

"Ndugu, Mamlaka ya Kukumbusha inakukumbusha. Unadaiwa. Unajua unachodaiwa. Kwa kukustahi hatutakitaja hapa, maana barua hupotea na watu husoma. Tafadhali kumbuka ndani ya siku saba."

Mwingine angecheka, au angeitupa. Zamda alimwonea huruma huyo Selestini. Alimwaza akiwa mahali fulani, amekaa anakula, hajui kwamba siku zake saba zimebaki nne. Basi akaketi, akachukua kalamu, akaiandikia Mamlaka kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni kwamba Ndugu Kalumbete hayupo katika nyumba hiyo, hajawahi kuwepo, na yeye pamoja na baba yake wanamwombea awe salama popote alipo. Akanunua stempu kwa pesa yake.

Jibu lilikuja haraka mno, katika bahasha ya manjano.

"Tumefurahi kusikia kwamba Ndugu Kalumbete yu salama popote alipo. Kwa kuwa umetuhakikishia kwamba hayupo nyumbani, na kwa kuwa mtu hawezi kujua kwamba fulani hayupo bila kumfahamu huyo fulani, tumekuandikisha kama mtu wake wa karibu. Endelea na moyo huo."

Jirani yake, Mama Chiku muuza mkaa, alipoonyeshwa barua hiyo alijipiga kofi pajani.

"Na wewe nani alikutuma uandike? Serikali inajibiwa kwa dua? Si ungeitia jikoni tu ukachemshia chai!"

"Nilidhani watamtafuta kwingine, Mama Chiku."

"Kwingine wapi, na wewe umeshawakaribisha? Hujaona ya namba tisa?"

Zamda alikuwa ameyaona. Mtaa mzima ulikuwa umeyaona, ila haukuwa ukiyasema. Namba tisa aliishi Bwana Nasibu, seremala. Siku moja gari la kijivu lilisimama mbele ya karakana yake, mtu akashuka na kuita jina ambalo si lake. Bwana Nasibu alidhani ni mteja aliyekosea jina, na hakutaka kumwaibisha mgeni mbele za watu. Akaitika naam. Alipelekwa Kambi ya Kumbukumbu, ambako mdaiwa hukaa mpaka akumbuke deni lake. Tangu hapo mkewe hupata kadi kila mwezi, kwa mwandiko wa mumewe, ikiwa na sahihi ya lile jina jingine. Kadi zote huanza vilevile: "Bibi, hatufahamiani, lakini nakuomba uwasalimie watoto wa nyumba hiyo."

*

Jengo la Mamlaka ya Kukumbusha lilikuwa na madirisha thelathini ya kuhudumia wananchi na karani mmoja. Ili wananchi wasione upungufu, karani huyo alikimbia kwa nyuma kutoka dirisha hadi dirisha, na kila alipofika alibadilisha tai. Zamda alipanga foleni kwenye dirisha lililoandikwa WASIOHUSIKA. Lilikuwa ndilo lenye watu wengi kuliko yote.

Zamu yake ilipofika, karani alikuja anahema, amevaa tai ya kijani, anatafuna karanga.

"Nimekuja kusema kwamba mimi na baba yangu hatuhusiki," Zamda alisema polepole, maana alikuwa mtu wa haya na watu nyuma yake walikuwa wanasikiliza.

"Vizuri sana. Lete Hati ya Kutohusika."

"Inapatikana wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi naiomba."

"Kwanza itiwe sahihi na mdaiwa."

"Lakini huyo mdaiwa ndiye nisiyemjua!"

"Dada, taratibu. Ndiyo maana tunaitaka sahihi yake. Mwenyewe akishakubali kwa maandishi kwamba humjui, sisi ni nani hata tumbishie?" Akafungua daftari, akashusha kidole. "Namba kumi na nne. Aa, wewe umeshafika mbali. Bahasha nyekundu imeondoka asubuhi. Mwitaji anakuja Alhamisi ijayo, saa tisa alasiri."

Zamda alishika ukingo wa dirisha. "Akija anafanya nini?"

"Anaita. Sheria iko wazi na haina ubaya. Mwitaji ataliita jina la mdaiwa mara tatu. Atakayeitika ndiye."

"Na asipoitika mtu?"

"Jina linarudishwa Makao Makuu likapumzike. Nyumba inafutwa."

"Ni hivyo tu? Tukinyamaza, yamekwisha?"

"Yamekwisha. Ila wanaonyamaza ni wachache. Watu wetu wamelelewa vizuri." Karani alimeza karanga. "Na msije mkatoroka. Asiyekuwepo huhesabiwa ameitika. Wala msizibe masikio; sauti ya Mwitaji ni mali ya umma, na kuizuia isifike ni kuihujumu."

Zamda aliuliza swali lililomleta, ambalo hakuwa amejua kwamba ndilo. "Huko kambini, mtu hukaa mpaka lini?"

"Mpaka akumbuke."

"Asipokumbuka?"

"Muda anao."

"Na akiwa ni mzee, ambaye kumbukumbu zimemtoka? Asiyekumbuka hata alichokula mchana?"

Karani aliacha kutafuna. Alimtazama kwa mara ya kwanza, kwa macho ya mtu anayekaribia kusikitika.

"Mzee huyo huwa anaitika?" akauliza.

Zamda aliachia ukingo wa dirisha. Karani akaandika mstari mmoja kwenye daftari, akavua tai ya kijani na kukimbilia dirisha la jirani.

*

Kuitika ndiko kulikokuwa kazi ya Mzee Mbaruku. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye mitambo ya simu ya posta, masikio yamefunikwa, akiitika watu wasioonekana na kuwaunganisha. Uzee ulipomwingia ulimnyang'anya vitu kimoja kimoja. Ulianza na mahali pa chumvi, ukachukua na mwaka wa sasa, kisha kifo cha mkewe, ambaye bado alimwulizia kila jioni kama mtu aliyechelewa sokoni. Lakini kuitika hakukuguswa. Mtangazaji wa redio aliposema wasikilizaji, mzee alisema naam. Muuza samaki alipopita akinadi samaki, mzee alisema naam. Na Zamda alipomwita asubuhi, "Baba!", alipata jibu lile lile alilolizoea tangu akiwa mdogo: "Naam, mwanangu!", kwa sauti ya mtu aliyekuwa anaisubiri simu hiyo tu.

Zamda alikuwa na siku sita. Alinunua kashata za nazi, akamketisha baba yake kwenye kiti cha ukili, akamwomba Mama Chiku asimame ukumbini aigize sauti ya kiume.

"Baba, leo tunacheza mchezo. Ukisikia mtu anaita, nyamaza. Ukinyamaza nakupa kashata."

"Sawa, mwanangu."

"Selestini Kalumbeteee!" Mama Chiku alinguruma.

"Naam, bibie!"

"Toba! Mzee huyu atatumaliza." Mama Chiku aliingia ndani akicheka na kufuta machozi kwa upindo wa kanga. "Nimekunja koo mpaka linauma, na bado kanijua ni bibie."

Siku ya kwanza aliitika mara arobaini. Siku ya pili aliitika, kisha akakumbuka na kujiziba mdomo kwa mkono, naye akapewa nusu kashata kwa nia njema. Siku ya tatu Zamda hakula. Alimshika baba yake mikono, akamwita kwa majina yote yaliyomjia: Selestini, Nasibu, Chiku, Kalumbete. Akaona haitoshi, maana nani ajuaye Mwitaji atatumia hila gani? Akaita Mbaruku. Akaita Mzee. Akaita Baba. Kila mzee alipofungua kinywa, Zamda aliweka kidole chake kwenye midomo hiyo iliyokauka, akasema, "Hapana, Baba, hapana," huku akijichukia.

Jumanne jioni mzee aliweza. Waliita kwa zamu mpaka sauti zikawakauka, na mzee akakaa kimya amekunja midomo, macho yakimeta kama ya mtu aliyeficha zawadi mgongoni. Mama Chiku alipiga kigelegele, halafu akakikatiza, asije akawaponza.

Jumatano asubuhi Zamda alimimina chai, akaita kama kawaida.

"Baba!"

Nyumba ilinyamaza. Alipochungulia alimkuta baba yake ameketi kitandani, amejiziba mdomo kwa mkono, anamtazama kwa kujivuna. Zamda alimpa kashata. Akajiambia kwamba Ijumaa, haya yakishapita, atamfundisha upya.

*

Alhamisi, saa tisa kamili, gari la kijivu lilisimama mbele ya namba kumi na nne bila kuzima injini. Alishuka Bwana Lugendo, Mwitaji wa Daraja la Kwanza, pamoja na yule yule karani, safari hii na tai nyeusi. Bwana Lugendo alikuwa amesomeshwa ughaibuni miaka miwili kwa gharama ya umma ili ajue kuita. Alitembea na chupa ya maji ya asali, na alizungumza kwa sauti ndogo, kama mtu anayetunza kitu cha thamani.

"Hodi, wenyewe."

"Karibuni," alisema Zamda.

"Ahsante, dada. Nyumba safi. Na hii miavuli, unaitengeneza mwenyewe? Mikono yako ibarikiwe." Alimwinamia Mzee Mbaruku. "Shikamoo, mzee wangu."

Mzee alimtazama Zamda. Zamda alitikisa kichwa. Mzee akanyamaza.

"Ana haya," alisema Bwana Lugendo kwa upole. "Haidhuru. Tuanze, tusiwapotezee muda."

Alikunywa maji ya asali, akanyoosha shingo, akaita.

Ilikuwa sauti nzuri kupita kiasi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekuletea habari njema kutoka mbali na amechoka njiani. "Selestini Kalumbete!" Mtaani watu watatu waliinua vichwa, na Zamda mwenyewe alisikia neno limemfika kooni, akalimeza. Mzee Mbaruku alikunja midomo. "Selestini Kalumbete!" Mama Chiku, aliyekuwa dirishani kwake, aliuma kanga. Mara ya tatu Bwana Lugendo aliita taratibu, kwa huzuni, kama anayekata tamaa. Mzee akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kimya kikapita chumbani, kikatoka.

"Hongereni," alisema Bwana Lugendo. "Jina limekosa mtu. Karani, andika." Zamda aliketi chini palepale na machozi yakamtoka. "Basi," Bwana Lugendo aliendelea, "tumalizie na orodha ya wakazi. Ni utaratibu tu. Mbaruku!"

Zamda aliinua uso.

"Mbaruku!" akaita tena Bwana Lugendo.

"Baba," alinong'ona Zamda, "itika."

Mzee alimkonyeza.

"Baba, mchezo umekwisha. Itika, Baba yangu. Sema naam, mara moja tu. Baba!"

Mzee alitikisa kichwa akitabasamu, mikono bado mdomoni. Mchezo huu alikuwa ameshauelewa, na hakuna ambaye angemdanganya tena.

"Mbaruku," alimalizia Bwana Lugendo, akashusha pumzi. "Hii ni ajabu. Dada, unasema huyu ndiye Mbaruku?"

"Ndiye! Ni baba yangu. Ni mgonjwa, bwana, anasahau, nilimfundisha mimi mwenyewe kunyamaza."

"Andika hilo," Bwana Lugendo alimwambia karani. Kisha akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wa Zamda. "Sikiliza, dada yangu. Mtu asiyeitika jina lake, jina hilo si lake. Kwa hiyo humu ndani nina mwanamume asiye na jina, na mkononi nina jina la kiume lisilo na mtu. Serikali ikiacha vitu viwili kama hivi vikae chumba kimoja bila kuviunganisha, wewe mwenyewe mlipa kodi utasema ni ufujaji. Nitaita mara ya mwisho. Hii huitwa mwito wa kuunganisha, na katika huu kimya kinahesabiwa kuwa ndiyo."

"Hawezi kukumbuka," alisema Zamda. "Hata akikaa miaka mia hawezi kukumbuka."

"Muda anao," alisema karani, akitazama viatu vyake.

Bwana Lugendo aliweka mkono begani kwa Mzee Mbaruku. Mzee aliupapasa mkono huo kirafiki. Mwitaji akavuta pumzi.

"Selestini Kalumbete!"

"Abee!"

Ilitoka kwa nguvu, na aliyeshangaa zaidi alikuwa Zamda, ambaye maisha yake yote aliitika kwa sauti ya chini hata watu wakamwita mara mbili. Alikuwa amesimama.

Karani alikuna shingo. "Mheshimiwa, huyu ni mwanamke."

"Barua imesema mwanamume?"

"Imesema Ndugu."

"Na ameitika?"

"Ameitika."

"Basi tusijifanye tunamjua kuliko anavyojijua." Bwana Lugendo alimgeukia Zamda, akampa mkono. "Karibu sana, Ndugu Kalumbete. Tumekutafuta muda mrefu."

Alimwachia achukue kanga moja na mswaki. Zamda alimfunga baba yake vifungo vya shati vilivyoachia, akamsogezea birika karibu. Mama Chiku alikuwa ameshafika mlangoni. Zamda alimpa funguo.

"Limebaki moja kwenye orodha," alisema karani.

"Ah, kweli," alisema Bwana Lugendo. "Zamda!"

Zamda alifungua kinywa. Bwana Lugendo alimtazama kwa upole, akamsubiri, na Zamda akaelewa. Mtu mmoja haitiki majina mawili. Akilichukua hili, lile litarudi kwa mzee. Akafunga kinywa.

"Zamda!"

Injini ya gari ilikuwa inanguruma nje. Mzee Mbaruku alimtazama bintiye, akamtazama mgeni, kisha bintiye tena. Alikunja uso. Anaitwa, amesimama pale pale, wala haitiki. Tangu lini?

"Zamda!"

"Naam!" alisema Mzee Mbaruku.

Alisema kwa ile sauti yake ya mitambo ya simu, kubwa na safi, kisha akamwangalia bintiye kwa lawama kidogo, kama mzazi yeyote anayelazimika kumwitikia mtoto wake mbele ya wageni. Wiki nzima Zamda alikuwa amemkataza majina yote aliyoyakumbuka. La kwake hakulikumbuka.

Karani alimtazama Mwitaji. Mwitaji alitafakari, na pengine hata yeye alikuwa na baba mahali fulani, kwa maana aliitikia kwa kichwa mara moja tu.

"Andika. Zamda, yupo. Kazi, fundi wa miavuli. Afya, njema. Jina la Mbaruku lirudishwe Makao Makuu likapumzike."

Walitoka. Mama Chiku alijikaza mpaka gari lilipoanza kuondoka, ndipo akauacha mlango, akalikimbilia akiwa peku, kanga inamdondoka.

"Zamda!" alilia. "Zamda we! Zamda!"

"Naam!" aliitika mzee kutoka ndani ya nyumba. "Naam! Naam!"

Nyuma ya kioo cha gari, Selestini Kalumbete aliinamisha kichwa, akauma midomo, asiitike.